Mgeni wa Nyuma ya Kabati

Fundi cherehani alibisha hodi mchana, gauni likiwa limekunjwa vizuri ndani ya mfuko, na hata viatu hajavua akaanza kushukuru.

"Shikamoo, Mwalimu. Gauni lako hili hapa, nimelipunguza kiunoni kama ulivyotaka. Ila kilichonileta hasa ni asante."

"Marahaba, mwanangu. Pita ukae. Asante ya nini tena, na aliyekesha kushona ni wewe?"

"Ya mwanangu Chiriku. Wengine wakistaafu, wanafunzi wanawasahau kama ndoto ya jana. Wewe bado unacheza naye."

Mwalimu alicheka. Alidhani ni maneno tu ya kumpamba mzee, na nani anachukia kupambwa? Tangu alipokabidhi funguo za chumba cha kompyuta, mwaka uliopita, hakuwa amecheza na mtoto yeyote. Siku zake zilikwenda kwa kumwagilia maua ya kwenye makopo, kusikiliza redio na kugombana na magoti yake. Lakini fundi alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, na mwanafunzi wa zamani akiingia nyumbani kwa mwalimu wake haji peke yake. Huja na darasa zima.

"Unakumbuka nyumba yangu ya kwenye kompyuta, Mwalimu?" fundi akauliza, akijimwaga kwenye kochi.

"Ile isiyo na mlango? Nitaisahauje? Umejenga ghorofa, umeweka mapazia, umepanda waridi, halafu mtu wako yuko nje anazunguka nyumba kama mbuzi aliyefungiwa zizi."

Wakacheka wote wawili mpaka Mwalimu akatafuta leso. Na hapo ndipo kosa lilipoanza, kama kukumbuka mambo mazuri kunaweza kuitwa kosa. Mimi nasema kunaweza. Kumbukumbu tamu ni kama mgeni mwenye hadithi nyingi, anakukalisha huku chungu kinaungua jikoni.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mwisho kwenye safu ya madarasa, baada ya stoo ya madawati mabovu. Watoto walivua viatu mlangoni ili vumbi lisiingie, kwa hiyo mwaka mzima kilinuka soksi. Kompyuta zilikuwa zile za migongo mirefu, na kila moja ilifunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kama kochi la sebuleni, maana mwalimu mkuu wa wakati ule aliamini kwamba kompyuta ikipigwa na jua inashikwa na homa. Feni ilikuwa moja, na ilimpuliza mtu mmoja tu. Watoto waligombania kiti hicho kuliko walivyogombania namba moja kwenye mtihani.

Mwalimu hakuzaliwa mtaalamu wa kompyuta. Alikuwa mwalimu wa upishi na ushonaji. Siku moja akaambiwa aende semina, akarudi na cheti na ufunguo. Hata huko semina, kipanya cha kompyuta alikishika kwa vidole viwili, kama mtu anayeondoa mende kwenye sufuria. Habari ikafika shuleni kabla yake mwenyewe, na tangu siku hiyo akaitwa Mwalimu Kipanya. Watoto waliliita jina hilo kwa siri, na yeye alilipenda kwa siri.

Kijana aliyekuja kuunganisha zile kompyuta kwa nyaya aliwawekea mchezo mmoja, akala chakula cha mchana cha walimu, akaenda zake asionekane tena. Mchezo huo wao waliuita Mtaa. Kila mtoto alipewa kiwanja, akajenga nyumba yake, akawa na mtu wake wa kumtembeza njiani, kumnunulia ng'ombe na kumpeleka kusalimia majirani. Maneno uliyoyaandika yalitokea juu ya kichwa cha mtu wako, na wenzako waliyasoma. Mtaa haukutoka nje ya chumba kile, nyaya ziliishia ukutani. Lakini mle ndani watoto waliolala watatu kitanda kimoja walikuwa na majumba yenye vyumba vya wageni, na Mwalimu alikuwa akiwatazama wanavyofagia nyua zisizokuwepo, roho yake inajaa.

Ni hapo alipopata wazo lake. Alikuwa anasikia yanayosemwa huko nje, kwamba kuna watu wazima wanaojificha kwenye michezo ya watoto na kujifanya watoto. Akasema moyoni, hawa wangu siku moja nyaya zao zitatoka ukutani, na hakuna atakayewaambia. Samaki mkunje angali mbichi. Basi akaanza kujifanya Mgeni.

Nyuma ya kabati la vitabu palikuwa na kompyuta ambayo watoto waliambiwa ni mbovu. Kipindi kikikolea, Mwalimu alisema anakwenda kutafuta chaki, akazunguka, akajibanza pale. Punde kidogo mtu mpya alitokea Mtaani. Leo ni msichana mwenye miwani, kesho ni mvulana mwenye mbwa. Mgeni alikuwa mpole, ana zawadi, ana maneno matamu. Nyumba yako nzuri! Nikupe farasi? Wewe jina lako la kweli nani? Unasoma wapi? Mama anarudi kazini saa ngapi? Usimwambie mtu, hii siri yetu.

Mtoto aliyejibu, paa la nyumba yake liling'oka na mvua ikanyesha ndani mpaka kipindi kiishe. Aliyeacha kuandika, akanyoosha mkono na kuita mtu mzima kwa sauti, huyo ndiye mshindi. Akipaza sauti "Mgeni!", darasa zima lilimfuata mbio mpaka nyuma ya kabati. Mwalimu alikataa kwanza. "Mimi? Mimi nilikuwa natafuta chaki!" Walimvuta mikono, akaendelea kukataa, mwishowe akakubali, akainama mbele ya mshindi, na mshindi akakalia kiti cha Mwalimu mpaka kengele ilie. Nimewahi kuona watu wakipewa vyeo vikubwa wasifurahi vile.

Kitu kimoja Mwalimu hakukifahamu, au alikifahamu akajifanya mjinga. Kabati lile lilikuwa linacheka. Yeye alijizuia sauti, lakini mabega yalimtikisika, yakaligonga kabati, na makopo ya chaki huko juu yakapiga kelele. Watoto wote walijua Mgeni ni nani. Hakuna aliyemwogopa hata mmoja. Walimngojea. Waliwavalisha watu wao nguo nzuri ili Mgeni awachague wao.

"Tulikuwa tunaomba uje," fundi alisema, akipangusa macho. "Ukipita nyumba ya mwenzangu nalia. Na Chiriku naye hivyohivyo. Ulipostaafu alikuwa hajawahi kukukamata. Kila siku alikuwa karibu, kila siku mwingine anamuwahi kunyoosha mkono. Alilia wiki nzima, mtoto wa watu, ati zamu yake imepotea."

"Maskini. Nilikuwa namwachia kwa makusudi, nataka nimalizie na yeye. Halafu wakanihimiza nikabidhi funguo." Lilikuwa jambo linalomuuma Mwalimu kuliko alivyopenda kukubali. Wale watoto wa mwisho hakuwaaga kwa mchezo. Aliwaaga kwa hotuba.

"Sasa si umemrudishia?" Fundi alitabasamu. "Juzijuzi kanijia mbio na simu yangu mkononi. 'Mama! Mgeni kaja! Mwalimu kanirudia!' Nyumba nzima haikulala."

Mwalimu aliendelea kutabasamu, lakini lile tabasamu lilikuwa limebaki usoni peke yake.

"Nimemrudia wapi, mwanangu?"

"Kwenye mchezo wa simu, ule wa kujenga. Si unajiita Rafiki? Mwenyewe alinificha mwanzoni, akasema umemwambia ni siri. Lakini Chiriku na siri wapi na wapi? Siku ya pili tu kanimwagia yote. Nikasema niwaache mcheze. Na leo kwa kuwa mnaonana, nimemvalisha sweta ile ya kijani kama ulivyomwambia, ili..."

"Nipe simu," Mwalimu alisema.

Miwani yake ilikuwa imekaa juu ya redio siku zote, lakini wakati huo hakuiona mpaka fundi alipompachika puani. Akasoma. Yule Rafiki alianza kama wanavyoanza wote: nyumba yako nzuri. Kisha: jina lako la kweli nani? Na Chiriku, mtoto aliyefundishwa akafundishika, hakutaja jina. Aliandika: NAKUJUA WEWE NI NANI! Rafiki akauliza, mimi ni nani? Chiriku akajibu: WEWE NI MWALIMU! UMERUDI KUCHEZA NA SISI!

Jibu lilikuwa hapo chini. Umejuaje? Basi iwe siri yetu.

Mtu yule alikuwa amebisha hodi bila kujua aseme yeye ni nani, na mtoto ndiye aliyempa jina la kuvaa. Baada ya hapo hakuna alichonyimwa. Shule, darasa, saa ya kutoka. Kila alichouliza, Chiriku alikijibu kwa vicheko, kwa sababu nani anamficha Mwalimu shule anayoijua? Mwishoni yule mtu alimtaka aje na simu, mtoto akasema simu ni ya mama. Basi vaa sweta ya kijani nikuone. Leo ukitoka, duka la vifaa vya shule. Uje peke yako, ndiyo mchezo wenyewe.

"Mwanangu," Mwalimu alisema. "Mimi sina huo mchezo. Sijawahi kuuona. Huyu siye mimi."

Fundi alimtazama, akaitazama simu, akamtazama tena. Alifungua mdomo, na kitu alichosema kilikuwa cha ajabu: "Usinitanie, Mwalimu. Si kawaida yako kukataa kwanza?"

Kisha akauona uso wa Mwalimu, akainuka kama aliyechomwa na sindano ya cherehani yake mwenyewe.

Wakapiga simu shuleni, ikaita mpaka ikakatika. Wakapiga tena, vilevile. Fundi akasema anakimbilia getini, na akimkosa huko apitie kituo cha polisi kilicho njia hiyohiyo. Mwalimu akasema yeye anakwenda dukani, ni karibu na kwake. Simu abaki nayo, ujumbe ukiingia auone. Hawakufunga hata mlango.

Mwalimu hakuwa amekimbia tangu mashindano ya walimu na wazazi, na hata hayo alikimbia kwenye gunia. Alikwenda hivyohivyo, gauni la nyumbani, ndara miguuni, pumzi haimtoshi, na njia nzima alikuwa na sentensi moja kichwani: nimewafundisha kwamba mgeni ni mimi. Miaka yote ile, watoto wote wale. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Alikuwa ameutamka msemo huo darasani mara nyingi, akiwaonya wanaorushiana chaki.

Duka lilikuwa kwenye kona, kati ya saluni na mahali pa kutoa fotokopi. Chiriku alikuwa amesimama mbele yake.

Sweta ya kijani, mkoba ameuvaa kifuani, soksi moja imeshuka. Alikuwa anamtazama kila anayepita, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa anampa tabasamu, kwa sababu yeyote kati yao angeweza kuwa Mwalimu aliyejificha. Mwanamume mwenye gazeti akapewa tabasamu. Kijana anayepakua maboksi akapewa. Mtu aliyeegemea gari ng'ambo ya barabara naye akapewa, tena akapungiwa mkono. Mwalimu alisimama, akiwatazama mmoja mmoja. Alikuwa amepita barabara ile nusu ya maisha yake, na hakuwahi kuona ina watu wengi asiowajua kiasi kile.

Chiriku akamwona.

"Nimekukamata!" Mtoto alipiga ukelele, akaruka, akamrukia kiunoni. "Mgeni! Nimekukamata! Nilijua tu ni wewe, tangu siku ya kwanza nilijua!"

Wapita njia walicheka. Mwalimu alimkumbatia kwa nguvu mpaka mkoba ukawabana wote wawili. Alimgusa kichwa, mabega, mikono, kama anayehesabu kitu kilichorudi kutoka kuazimwa. Alikuwa mzima. Alikuwa mzima na ananuka penseli.

"Halafu kuhusu siri," Chiriku aliendelea, hana muda wa kupumua, "nilimwambia mama. Si ndiyo kanuni? Ukisema usimwambie mtu ndiyo unamwambia mtu mzima. Kwa hiyo nimeshinda mara mbili. Nimeshinda, Mwalimu?"

Neno moja lilitosha. Ndiyo, umeshinda. Wangekwenda nyumbani wameshikana mikono, mtoto angekalishwa kwenye kochi kubwa na kupewa heshima aliyoingojea mwaka mzima. Mambo ya polisi watu wazima wangeyamaliza wenyewe. Mwalimu alilitaka neno hilo, alilitaka vibaya sana, kwa sababu halikuwa zawadi kwa Chiriku peke yake. Kama angelisema, kile chumba chenye harufu ya soksi kingebaki kilivyokuwa.

Alipiga magoti pale kwenye vumbi, na magoti yakamlalamikia.

"Umeshinda ulipomwambia mama. Hapo umeshinda kweli. Lakini nisikilize, mjukuu wangu. Aliyekuwa anakuandikia siye mimi."

Chiriku akacheka sana. "Unakataa! Siku zote unakataa kwanza!"

"Safari hii sikatai kwa mchezo."

"Hata hilo ulikuwa unalisema!"

"Chiriku, nitazame."

"Sema umekubali! Inama basi!" Alikuwa amemshika mikono yote miwili, anaivuta kama walivyokuwa wakimvuta zamani, na uso wake ulikuwa unawaka kwa furaha. Maneno yote ya kukataa Mwalimu alikwisha kuyatumia kwa kucheka, miaka na miaka, na sasa hakuna hata moja lililokuwa na uzito.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa gauni lake.

Mikono yake ilikuwa bado mikononi mwa mtoto. Chiriku aliitazama ile mikono, akautazama mfuko, tabasamu halijaondoka bado. Mwalimu akaitoa simu, akasoma, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake yote akampa mtoto kitu ambacho angetoa roho yake asikione.

Rafiki alikuwa ameandika: Huyo bibi ni nani? Nilikwambia uje peke yako.

Chiriku alisoma polepole, midomo ikicheza. Alisoma tena. Kisha akainua macho, si kwa Mwalimu. Aliangalia barabara. Mwenye gazeti, kijana wa maboksi, dirisha la saluni, ng'ambo ambako gari lilikuwa linaondoka bila haraka yoyote. Mwalimu alimkinga kwa mwili wake, akamwingiza dukani, akamwambia mwenye duka afunge mlango.

Walikaa kwenye maboksi ya madaftari. Haukupita muda fundi akafika na askari wawili. Alimbeba mwanawe kama mtoto mchanga, miguu ikining'inia, akilia kwa sauti bila aibu. Askari walichukua simu, wakaandika aina ya gari kwa jinsi mwenye duka alivyoliona, wakasema wataanzia hapo. Mmoja wao alimpongeza mtoto kwa kumwambia mama yake. Chiriku alikuwa anautazama mlango.

Baadaye, mama yake alipotoka kuongea na wale askari, Chiriku akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu. Wale wa zamani. Walikuwa wewe?"

"Walikuwa mimi."

"Wote?"

"Wote, mjukuu wangu. Mwenye miwani, mwenye mbwa, wote mimi."

"Hata yule aliyenipa farasi?"

"Hata yule." Mwalimu alikuwa analia, na hakujisumbua kuficha. Alilia kwa kushukuru, na alilia pia kwa ajili ya yule mtoto aliyekuwa anagawa tabasamu barabarani muda mfupi uliopita, ambaye hatamwona tena.

Mwenye duka akafungua mlango. Mama mmoja akaingia kununua rula, mama wa kawaida kabisa, kikapu mkononi. Akaona sweta ya kijani na uso wenye machozi, akaingiwa na huruma.

"Hujambo, mrembo? Unaitwa nani?"

Chiriku akamgeukia Mwalimu. Mwalimu akamtikisia kichwa taratibu: huyu hana neno, msalimie tu. Chiriku akamtazama yule mama, akamtazama Mwalimu, akasogea nyuma, asijibu.